Kibao Chenye Vidole vya Mdogo Wangu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, na kama umesimama, tafadhali kaa kwanza. Magoti yanaendeleaje? Na baba je, bado anabishana na redio, au amekubali kwamba msomaji wa habari hamsikii? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Kwa upande huo usiwe na wasiwasi.

Barua hii ameileta mjomba kwa mkono wake, na nimemwomba asiondoke hapo ulipo mpaka uimalize. Anajua yote yaliyomo. Baba asiisome wala asisomewe mpaka wewe na mjomba mkubaliane namna ya kumwambia. Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwenye simu nimekudanganya kwa muda mrefu, mama, mpaka ulimi umezoea. Juzi nilikupigia nikiwa nimejiandaa kusema kweli, ukaniuliza habari za huku, nikajisikia nasema ni nzuri. Mkono bado haujazoea, ndiyo maana nautumia.

Chiriku anaumwa. Yuko hai. Amelazwa hospitali, chumba cha wagonjwa mahututi, na hana fahamu. Mshipa ulipasuka ndani ya kichwa chake. Halikutokea jana wala wiki hii. Mvua zilikuwa hazijaanza.

Nitakueleza kama lilivyokuwa. Nilikuwa jikoni nachemsha maji, yeye yuko mezani kwake anaandika. Aliniita akasema kichwa kinamuuma kuliko siku zote, nimfungie pazia. Kabla sijalifikia dirisha alikuwa amelala juu ya meza, vile vya kusikilizia bado viko masikioni, na shavu lake juu ya kibodi linaandika herufi moja isiyokoma. Yule jirani yetu anayesambaza mikate alitupeleka na gari lake la kazi. Tulimlaza katikati ya makreti matupu.

Daktari wa kichwa ni mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Alinieleza kwamba damu imevuja na ubongo umevimba, kwamba kwanza uvimbe upungue, kisha afungue kichwa auzibe ule mshipa. Mshipa ukipasuka tena kabla hajaufikia, alisema, itakuwa basi. Nilimwuliza basi maana yake nini. Akageukia faili la mgonjwa mwingine.

Kwa nini sikukuambia siku ileile? Baba ndiyo kwanza alikuwa ametoka kulazwa kwa ajili ya moyo, na wewe mwenyewe uliniambia daktari wake amekataza habari za ghafla. Na uso wako haujui kuficha kitu, mama. Baba angekuwa amekusoma kabla hujaweka simu chini. Nikasema ningoje kidogo, nikishamaliza hicho kidogo nikaongeza kingine.

Sasa nikueleze habari ya kazi yake, kwa sababu bila hiyo hutaelewa nilichofanya. Unajua kwamba madaktari wa nchi nyingine, huko waliko, wanasema ripoti zao kwenye kinasa sauti, na Chiriku akiwa nyumbani anasikiliza na kuandika. Bima inayomlipia hospitali inatoka kwenye kazi hiyo. Lakini ameajiriwa kwa mkataba wa vibarua wa vipande, na vibarua wa vipande hawana likizo ya ugonjwa. Asiyeandika anahesabiwa ameacha kazi, na aliyeacha kazi hana bima. Nilipiga simu kwenye kampuni nikajifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Mtu wa mapokezi alinieleza yote kwa uchangamfu, kama ananiuzia friji.

Nikasema basi nitaandika mimi. Nilikaa kwenye kiti chake, nikavaa vile vya kusikilizia, nikaanza. Sikumaliza hata ukurasa. Kompyuta ile ya kampuni inawajua watu kwa vidole: kasi yao, wanapositasita, wanapofuta. Wameiweka hivyo ili mtu asimpe binamu yake kazi. Chiriku alikuwa akicheka kwamba kampuni inamjua kwa vidole kuliko wewe unavyomjua kwa sauti. Iligundua kwamba mimi si yeye, ikajifunga mpaka siku iliyofuata.

Hapo ndipo nilipokumbuka vibao. Ukienda dukani kwa muuza nafaka ukaona mizani inapima na uzito unajitokeza wenyewe kwenye kompyuta yake, ndani yake kuna kakibao kadogo kama kidole gumba, kenye waya wa USB. Ndiyo kazi yangu ya kila siku, kuvifunga na kuvirekebisha. Kibao hicho kinaiambia kompyuta kwamba chenyewe ni kibodi, na kompyuta inaamini. Haiulizi kama kuna mtu. Unachotaka kiandike unakiandikia maagizo kwa Python, lugha ya kompyuta isiyo ngumu: bonyeza kitufe hiki, kiachie, subiri kidogo, bonyeza kingine. Kikichomekwa tu kinaanza.

Kuandika maneno hakukuwa shida. Shida ilikuwa pale kwenye kusubiri kidogo. Kidogo kiasi gani? Mwendo wake ningeutoa wapi, na yeye amelala? Nilikaa na hilo mpaka nikakumbuka zile sauti anazonitumia kwenye simu akiwa kazini. Unamjua, hawezi kunyamaza akifanya kitu, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Anakusimulia habari za mwenye nyumba huku anaandika ripoti ya ini. Nilizisikiliza zote tena. Sikusikiliza maneno. Nilisikiliza kinachogonga nyuma ya maneno. Nikajua kwamba anakwenda mbio halafu anasimama kabla ya kila tarakimu, kwa sababu huwa anairudisha sauti nyuma kuhakikisha. Nikajua kwamba neno refu analigawa mara mbili kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Nikajua kwamba kitufe cha nafasi anakipiga kwa nguvu kuliko vingine vyote. Tumekaa nyumba moja maisha yetu karibu yote na sikuwa nimewahi kumsikiliza hivyo.

Mara ya kwanza nilisahau kukiambia kibao kiachie kitufe. Kilibonyeza herufi ya kwanza kikaishikilia, na kurasa zikajaa herufi hiyo moja kama siku ile ya shavu lake. Nilikichomoa nikatoka nje kidogo. Kisha nikarudi nikarekebisha.

Mara ya pili kompyuta ilikubali. Ilimkaribisha kwa jina.

Basi ikawa hivyo. Kabla ya kwenda kazini nasikiliza sauti za madaktari, naandika taratibu kwenye kompyuta yangu ya zamani, naweka maandishi kwenye kibao, nakichomeka kwenye ya kwake, nafunga mlango. Mimi nikiwa chini ya kaunta za watu na bisibisi, chenyewe kinaandika kwa mwendo wake siku nzima. Nilikipa mapumziko ya mchana. Nilikipa hata muda wa kwenda msalani. Baada ya kazi napita hospitali, nakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Muuguzi wa zamu ananihimiza niongee naye, eti huenda anasikia. Mimi si muongeaji, unanijua, kwa hiyo namsimulia ripoti zake: nani ana jiwe kwenye nyongo, nani amevunjika nyonga. Muuguzi alicheka siku moja akasema wengine huwaimbia wagonjwa wao, mimi namletea mgonjwa wangu wagonjwa wengine.

Msimamizi wake alituma ujumbe wa kumpongeza. Aliandika: kulikuwa na siku moja ya mushkeli, lakini sasa naona umerudi kwenye kiwango chako. Nilimsomea Chiriku ujumbe huo pale kitandani. Mashine ya kupumulia iliendelea na kazi yake.

Sasa, mama, nafika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu mwanzo.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye bucha, nimelala chali chini ya mizani, simu ikaita. Alikuwa yule msimamizi. Aliuliza kama anaongea na dada mkubwa, kwa sababu ndiyo namba iliyoandikwa ya dharura. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Alisema ana ripoti mbele yake iliyoandikwa kwa vidole vya mdogo wangu, ripoti ya figo za mzee mmoja. Figo ya kushoto imeelezwa vizuri. Ya kulia imeelezwa vizuri. Lakini katikati ya figo hizo mbili kuna sentensi ambayo daktari anaapa hakuisema. Akanisomea. Mama umeamkaje, jana nani kashinda, mzee au redio, hehehe.

Hukuipata sentensi hiyo, mama. Lakini umezipata dada zake, kila asubuhi, tangu kabla ya mvua. Zile salamu za Chiriku unazowasomea majirani, hakuna hata moja aliyoiandika yeye. Ni mimi na kibao.

Siku zile za mwanzo ulimwandikia hujibiwi, ukaanza kuuliza kulikoni. Nikakujibu mwenyewe kwenye kompyuta yake, ukasema mbona leo unaandika kama dada yako, mkavu. Nikaona utagundua. Nikachukua salamu zake za zamani zote, utani wake, anavyokuuliza magoti, anavyomchokoza baba, nikazipanga upya, nikakipa kibao kikutumie asubuhi saa ambayo huwa anaamka. Kiliweza kuwa yeye kuliko nilivyoweza mimi. Uliandika kwamba siku hizi Chiriku amekuwa mtoto mzuri, hakosi hata siku moja kukujulia hali. Uliandika pia kwamba mimi nimekuwa kama mizani ninazotengeneza, ukiweka kitu napima, usipoweka niko kwenye sifuri. Niliyasoma hayo. Nikajitetea kwa jina lake. Nilikujibu kwamba dada ana kazi nyingi, umvumilie, nikamalizia na kile kicheko chake. Ukajibu kwamba yeye ndiye pekee anayenionea huruma.

Yaliyotokea siku ile ya figo ni rahisi. Kibao hakina macho. Kinaandika kwenye dirisha lililo mbele kwenye skrini, liwe lolote. Nilikuwa nimekifundisha kianze na ripoti, kisha kibonyeze vitufe viwili vinavyobadilisha dirisha, kikuandikie wewe salamu, kisha kirudi kwenye kazi. Asubuhi ile nilifungua dirisha lako nisome ulichojibu, nikachelewa, nikaliacha mbele, nikachomeka kibao nikaondoka. Vyote vikabadilishana nafasi. Salamu zako zikaingia kwenye figo za yule mzee, ambazo nilikuwa nimeziacha wazi tangu jana yake, alama ya kuandikia ikiwa kati ya ya kushoto na ya kulia. Na ripoti mpya ikaja kwako.

Unaikumbuka. Ilikuja vipande vipande, na kila kipande simu yako ikilia. Mgonjwa ni mwanamke. Hana fahamu. Haitiki anapoitwa kwa jina. Familia imearifiwa. Ulinipigia papo hapo, nikakuambia ni mambo ya kazini yamemponyoka. Ukacheka, ukaniambia nimwambie mdogo wangu aache kutisha watu wazima.

Mwanamke yule ni mwingine, mama, wa nchi nyingine, simjui. Lakini ile ndiyo habari pekee ya kweli uliyoipata kutoka kwenye namba ya Chiriku kwa muda wote huu. Na palipo na uongo ndani yake ni pale tu paliposema familia imearifiwa.

Nilimweleza msimamizi yote nikiwa bado chini ya mizani, mwenye bucha amesimama na kisu chake anasikiliza. Hakunifokea. Aliuliza Chiriku anapumua mwenyewe au kwa mashine. Kisha akasema kwamba naandika vizuri kuliko wengi alionao, na kwamba itabidi aripoti, kwa sababu ndani ya kurasa zile kuna watu wanaoumwa, na kama leo salamu zimeingia kwenye figo, hajui kesho kitaingia nini. Sikubishana naye. Ana haki. Nilirudi nyumbani nikasikiliza upya kila ripoti niliyoandika, nikalinganisha tarakimu kwa tarakimu. Ziko sawa zote. Nakuambia hilo kwa sababu najua ungeniuliza.

Bima imekatwa. Hospitali wamenieleza kwa adabu kwamba kitanda kile kinahitajika na kwamba Chiriku atahamishiwa kwingine, ambako mashine ni moja na wanaoingoja ni wengi, na wa kufungua kichwa hayupo. Nimekwenda kila ofisi. Nimesubiri kwenye mabenchi ya watu wanaoniambia nirudi. Nimemlilia mhasibu, mimi ambaye unasema sina machozi, naye akanisogezea kiti na karatasi ya kujifutia, kisha akanirudishia jibu lilelile.

Aliyebaki ni yule daktari mfupi. Uvimbe umepungua. Hapumulii mashine tena tangu juzi, anapumua mwenyewe, lakini macho hajafungua. Daktari amesema atamfanyia upasuaji kabla hawajamhamisha, na kwamba hilo ni kati yake na wenzake wa chumba cha upasuaji, nisilitangaze. Lakini anataka saini ya mzazi. Nilimwambia mimi ni dada, nimefika hapa kila siku, nitasaini chochote. Akasema kwa jambo kama hili hataki mtu aje kumwuliza baadaye kwa nini mama hakujua. Nilimwomba aniambie basi uzito wa matumaini uko upande gani. Akasema yeye si mizani. Kisha, nikiwa mlangoni, akasema kwamba akimfungua anaweza kumpoteza pale mezani, na asipomfungua atampoteza kitandani, na kwamba kama angekuwa wake angemfungua.

Kwa hiyo njoo, mama. Sikuombi radhi hapa kwa sababu hakuna nafasi, na kwa sababu radhi ni ya uso kwa uso. Njoo na basi la kwanza la kesho. Mjomba atabaki na baba, amenihakikishia, na anajua dawa zake za asubuhi na za jioni. Chukua kitambulisho chako na shali, chumba kile ni baridi. Nitakuwa nimesimama pale mabasi yanaposhusha watu. Ukinikuta na ukataka kunipiga kofi, nipige, lakini tutembee huku unanipiga, kwa sababu daktari hatungojei.

Na kitu kimoja zaidi, nacho ukishike vizuri. Yale uliyomwandikia muda wote huu nimeyahifadhi, hayajafutika. Ukikaa karibu naye umsomee mwenyewe. Muuguzi anasema sauti ya mama ni kitu kingine, na mimi nimekwisha kummalizia habari za nyongo.

Msalimie baba. Mwambie chochote mtakachokubaliana na mjomba, mradi kisiwe kwamba mambo ni mazuri. Mjomba mpeni kile chumba cha nyuma, mnajua anavyokoroma. Majirani waliokuwa wakisomewa zile salamu nao wasalimie, na usiwaeleze bado.

Kibao nimekichomoa asubuhi hii na kompyuta nimeizima. Kesho utaamka na simu yako haitalia saa ile iliyozoea kulia, wala keshokutwa. Usidhani nimekuficha kitu tena, ndiyo hali yake ilivyo. Nimekaa muda mrefu nikikuondolea ukimya huo na sasa nimeurudisha mahali pake. Lakini siku yoyote kuanzia leo, mama, jina la Chiriku likiwaka kwenye simu yako, hata kama ni herufi moja isiyo na maana, usiulize ni nani. Ni yeye.

Wako anayekungoja kituoni,
binti yako mkubwa, fundi mizani.